Picha ya Kifua

Wiki iliyopita niliishia pale mwenyekiti wa kamati ya usaili alipovua miwani, akanitazama, akasema nimepita. Wengi mlinitumia salamu za pongezi. Nawashukuru kwa moyo wote. Ila mlipongeza mapema, kama mimi mwenyewe nilivyoshangilia mapema.

Kwa mnaojiunga nami leo, naitwa Tiwonge Harawa, mzaliwa wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi. Miaka mitatu mfululizo niliomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Mwaka wa kwanza maombi yangu yalitupwa kwa sababu sikuambatisha risiti ya benki. Mwaka wa pili risiti ilikuwepo, na nakala za vyeti zilikuwa na mhuri wa wakili, lakini chuo kilitaka krediti sita nami nilikuwa na tano. Fizikia ilinikatalia. Nikarudi kukaa dawati moja na watoto, nikarudia mtihani wa kidato cha nne. Katikati ya mtihani huo baba akafariki.

Aliyenishika mkono miaka yote hiyo ni shangazi Esnath, dada yake baba. Ndiye aliyelipa ada ya maombi kila mwaka. Ndiye aliyesimama na mimi kwenye foleni ya wakili. Siku ya usaili alifunga duka lake la vitenge, akanisindikiza mpaka getini, akakaa juani siku nzima. Nilipotoka na kumwambia nimepita, hakupiga vigelegele kama wanawake wengine waliokuwa pale. Alikaa chini kwenye vumbi, akalia.

Nilidhani ni machozi ya furaha.

Maelekezo ya kujiunga yalikuja siku chache baadaye. Jioni hiyo tulikaa jikoni watatu, mimi, mama na shangazi, nikawasomea kwa sauti. Vyeti halisi. Picha ndogo za pasipoti. Viatu vyeupe visivyo na kisigino. Sare mbili. Mdhamini atakayetia sahihi kwamba atalipa ada, na ambaye lazima afike mwenyewe siku ya kuripoti. Halafu uchunguzi wa afya katika hospitali ya serikali, ikiwa ni pamoja na eksirei ya kifua.

Shangazi alikuwa anamenya karanga. Akauliza eksirei ya nini, mtu mzima kama mimi, sijawahi kulazwa hata siku moja.

Nikamwambia ni kwa ajili ya kifua kikuu. Wanafunzi wote wanapigwa picha hiyo, maana tutakaa na wagonjwa.

Akasema kuna kliniki ya mtu binafsi kule njia ya Bolero, tabibu wake anajaza fomu bila kusumbua watu na mashine. Atanipeleka yeye mwenyewe kesho. Nikacheka, nikamwonyesha maneno yenyewe: hospitali ya serikali, na picha iambatishwe.

"Mashine zile zinaunguza watu kwa ndani," akasema. "Hujazaa bado."

Mama akamwambia, wifi, acha kumtisha mtoto. Shangazi aliendelea kumenya, lakini niliona anaweka maganda kwenye bakuli la karanga, na karanga anazitupa chini.

Alhamisi nikaenda hospitali ya wilaya peke yangu.

Damu walipima, mkojo walipima, macho walipima. Kote huko nilikuwa mzima. Mwisho nikaingia chumba cha eksirei. Fundi alikuwa kijana mmoja mcheshi, akanitania kwamba sisi manesi wa kesho ndio tutakaowasumbua mafundi. Akanipa gauni la hospitali, akanisimamisha mbele ya ubao, akaniambia nivute pumzi nisiiachie.

Akaenda kutazama picha yake. Akarudi.

"Dada, umesahau pini kwenye nguo."

Nikamwambia sina pini.

"Basi sidiria ina waya."

Nilikuwa nimeivua. Nikamwonyesha ilipo, kwenye kiti. Akaniomba nibadilishe hata gauni, huenda lile lilikuwa na kitu kwenye pindo. Nikavaa lingine. Akapiga tena. Akaenda, akakawia. Aliporudi hakuwa na utani wowote. Akanigeuza ubavu, akapiga mara ya tatu, kisha akaniambia nikae, nisiende popote, anamwita tabibu Munthali.

Nilikaa na gauni lile la kufungwa mgongoni, miguu imening'inia. Wazo langu lilikuwa moja tu. Nina kifua kikuu. Chuo kimeniponyoka tena.

Tabibu Munthali ni mzee wa makamo, mpole, hana haraka. Hakukaa upande wa pili wa meza. Alivuta kiti, akakaa karibu yangu kama mtu aliyekuja kutoa pole msibani. Akaniuliza kama nimewahi kufanyiwa upasuaji. Sijawahi. Nimewahi kupata ajali? Hapana. Nimewahi kuchomwa na kitu nikiwa shambani, au kuangukia waya? Hapana.

Ndipo akaiweka picha kwenye taa.

Mapafu yangu yalikuwa meusi na safi. Mbavu zimepangika. Na upande wa kushoto, chini kidogo ya mtulinga, ndani kabisa, kulikuwa na mstari mweupe mfupi ulionyooka. Ulikuwa mwembamba na mkali. Hakuna kitu mwilini mwa mtu kilichonyooka namna ile.

"Hiyo ni sindano," tabibu akasema. "Sindano ya kushonea nguo. Ukiangalia hapa utaona hata tundu la uzi."

Nilimwambia haiwezekani. Nilisema hivyo mara nyingi, naye aliniacha niseme mpaka nikachoka.

Kisha akanieleza taratibu. Sindano haikuingia juzi. Ingekuwa juzi kungekuwa na uvimbe, kungekuwa na usaha. Hii mwili umeifunika na kuizoea. Imeingia nikiwa mdogo sana, mifupa ikiwa bado laini, na nilivyokua ndivyo ilivyosogea. Sasa ipo karibu na mshipa mkubwa. Inaweza kukaa hapo mpaka nizeeke. Inaweza pia kusogea kesho nikinyanyua ndoo.

Nikamuuliza mtoto mchanga anamezaje sindano.

"Hukumeza, binti yangu. Iliyomezwa haipiti hapo."



Fomu yangu ilikuwa mbele yake. Kila kisanduku alikijaza, isipokuwa kile cha mwisho, kisemacho anafaa au hafai kwa masomo. Akasema hataandika sifai, kwa sababu hajui. Hataandika nafaa, kwa sababu mwanafunzi wa uuguzi hunyanyua wagonjwa, na nikianguka wodini atakuwa ameniua yeye. Daktari wa upasuaji wa Mzuzu ataniona Jumatano. Huyo akikubali, yeye atatia sahihi siku hiyohiyo.

Kuripoti chuoni ilikuwa Jumatatu. Asiyeripoti Jumatatu akiwa na kila kitu, nafasi yake anapewa wa akiba. Iliandikwa kwa wino mzito.

Nilipofika mlangoni akaniita. Akaniambia niulize nyumbani ni nani aliyekuwa ananilea.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anakata majani ya maboga. Majirani humwita NyaMhango, kwa ukoo wa baba yake, nao humwogopa kidogo, kwa kuwa amewafundisha wote darasa la kwanza. Mama si mtu wa kubabaika. Nilimwambia tu kwamba picha imeonyesha kitu cha chuma kifuani.

Kisu kikasimama.

"Upande gani?"

Nikamwambia kushoto.

Akafuta mikono kwenye kitenge, akanyoosha kidole, akanigusa chini ya mtulinga, palepale. Sikuwa nimemwonyesha mahali.

"Hapa?"

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Wasomaji wangu, nimekula chakula cha mama yule maisha yangu yote, nimelala ubavuni kwake baba alipokufa, na pale nilimwogopa kama mtu asiye na uso.

Nikamuuliza, "Mama, ulinifanya nini?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akaniambia nikae na mimi. Nikabaki nimesimama.

Akasema nilipokuwa na miezi minne alipata nafasi chuo cha ualimu. Alikuwa ameisubiri tangu kabla hajaolewa, na ukikosa kuripoti zamani zile hukuitwa tena. Baba akakubali aende. Swali likawa mtoto atabaki na nani. Bibi yangu alikuwa haoni. Kumwajiri yaya hawakuweza.

"Shangazi yako alikuwa na miaka kumi na mitano," mama akasema. "Alikuwa amemaliza darasa la nane. Alikuwa amechaguliwa."

Mnaoijua Malawi mnajua maana ya kuchaguliwa. Watoto wa shule nzima hufanya mtihani, na wanaoitwa sekondari ya bweni ya serikali mnaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Shangazi Esnath alikuwa msichana pekee aliyeitwa katika shule yao. Alikuwa ameshonewa sare. Sanduku lilikuwa limepakwa rangi na jina lake.

Baba akaamua. Mke wake ataripoti chuoni. Dada yake atabaki na mtoto, sekondari itangoja mwaka mmoja.

Nikauliza, "Ikangoja?"

Mama akatikisa kichwa. Mwaka uliofuata nafasi ilikuwa ya mtu mwingine, na hakuna aliyekwenda kumwombea.

Miaka yote hii nilijua shangazi aliishia darasa la nane. Nilidhani hakuwa na akili ya shule. Yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa anasema, huku anacheka.

Mama alirudi likizo ya kwanza akanikuta nimekonda, nalia nikibebwa upande wa kushoto. Kifuani nilikuwa na kidonda kidogo cheusi, kama punje ya mtama. Alimuuliza shangazi. Shangazi akajibu ni mdudu, na alishapaka dawa. Kidonda kikapona, nikanenepa, nikatambaa. Mama akarudi chuoni.

"Uliamini ni mdudu?" nikamuuliza.

"Nilitaka kumaliza chuo," mama akasema.

Basi. Nadhani hakukuwa na zaidi. Majani ya maboga yalikuwa yananyauka kwenye ungo. Nilikuwa nafikiria kliniki ya njia ya Bolero. Nilikuwa nafikiria yale machozi kwenye geti la chuo.

Nilitegemea mama angesimama, afunge kitenge, twende dukani kwa shangazi tukamtoe nje mbele za watu. Mimi nilikuwa tayari. Badala yake mama aliuliza shangazi anakuja lini kutia sahihi ya udhamini.

Nikamwambia Jumamosi.

"Usimwambie kitu mpaka Jumanne."

Sikuamini masikio yangu. Akaendelea kwa ile sauti yake ya darasani. Mshahara wake wa ualimu hauwezi kulipa hata muhula mmoja. Baba hayupo. Ndugu wengine tunawajua. Mdhamini ni Esnath au hakuna, na mdhamini asipofika Jumatatu, jina langu linakatwa. Nimsalimie kama kawaida, nile naye, nimwache atie sahihi. Kuhusu fomu ya afya, tutaiambia ofisi ya chuo kwamba tunasubiri daktari bingwa, tuombe siku mbili. Nikishasajiliwa ndipo tutaongea mengine.

"Imekaa humo tangu ukiwa mchanga," akasema. "Itavumilia mpaka Jumanne."

Nilimtazama mama yangu nikaona jinsi ilivyokuwa mwaka ule. Ndivyo alivyokuwa amekaa, huenda juu ya kinu hikihiki, akipanga nani aende chuoni na nani abaki.

Na mimi nikakubali. Naandika hivyo bila kujitetea. Nilitaka ile sare ya uuguzi kuliko nilivyotaka kujua ukweli.

Ijumaa sikunyanyua kitu. Mama alichota maji yeye. Nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba yai, na kila nikivuta pumzi ndefu nilikuwa nasikiliza.

Jumamosi shangazi alikuja mchana, mwendesha baiskeli ya abiria amemfungia sanduku jipya la bati nyuma. Ndani kulikuwa na kila kitu. Viatu vyeupe vimefungwa gazeti. Sare mbili, moja ameipunguza kiuno mwenyewe kwa kunijua nilivyo. Saa yenye mshale wa sekunde, maana aliuliza akaambiwa nesi hapimi mapigo ya moyo bila mshale wa sekunde. Alikuwa amenunua hata mpasa wa kukaanga kutoka ziwani, kwa sababu ndiye samaki ninayempenda.

Akaniambia nijaribu viatu. Akapiga magoti mwenyewe, akanifunga kamba. Nilikitazama kichwa chake, mvi zimeanza pale anapogawia nywele, na nikaona mikono yake inavyofanya kazi, miepesi, imezoea kushona tangu utoto. Nikauma meno.

"Nesi wangu," akasema. "Nikizeeka utanifunga nepi, na sitaki kusikia umekunja pua."

Mama akacheka. Mimi nilichelewa kucheka, na shangazi akainua uso.

Tulikula. Shangazi alinisogezea kipande cha mgongo, kile kisicho na miba, kama anavyofanya siku zote. Akauliza hospitali walisema nini.

Mama alijibu kabla yangu. Akasema kila kitu ni kizuri, ila wameona kovu dogo la kikohozi cha zamani, basi tabibu kwa kujikinga ameniandikia nimwone daktari wa Mzuzu Jumatano. Aliyasema vizuri. Mtu asiyemjua mama asingesikia kitu.

Shangazi akanawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Kovu," akasema.

"Dogo tu, wifi."

"Tiwonge, umeliona wewe mwenyewe?"

Nikasema nimeliona. Sauti yangu haikuwa yangu. Tulitazamana, na nilijaribu kuweka usoni ule uso wa kila siku, lakini ni nani aliyewahi kuukumbuka uso wake wa kila siku alipouhitaji?

Hakuuliza tena. Akaomba fomu ya udhamini.

Nilizileta zile karatasi na kalamu. Mama akasimama nyuma yangu. Shangazi alisoma kila mstari kwa kidole, midomo inacheza. Kwamba yeye, Esnath Harawa, anakubali kulipa ada ya mwanafunzi kwa miaka yote ya masomo. Kwamba anabeba dhamana ya mwenendo wake na afya yake. Hapo kwenye afya kidole kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Akatia sahihi ukurasa wa kwanza. Akatia ukurasa wa pili. Ana mwandiko mzuri, wa mtu aliyekuwa anasifiwa na walimu. Nilisikia mama akishusha pumzi nyuma yangu. Tumemaliza, nilijisemea. Limebaki la Jumatatu tu.

Shangazi alifunika kalamu. Akazipanga karatasi zikalingana, akanisogezea, lakini hakuziachia. Mimi nimeshika upande wangu, yeye ameshika wake. Alikuwa anatazama mezani.

"Kwa hiyo walipiga kifua," akasema taratibu.

"Ndiyo, shangazi."

"Kifua tu?"

"Kifua tu."

Akaziachia karatasi. Akanyoosha mkono, akaniwekea kiganja utosini, pale ambapo mtoto mchanga huwa laini, kwa upole ule ule wa siku zote.

"Na huku," akasema, "hawakupiga?"